Kichana cha Shujaa

Gurbardhë, 12 Machi 1967

Mwanangu Fotini,

Pokea salamu zangu na za nyumba nzima, ingawa nyumba nzima siku hizi ni mimi, mbuzi wawili na yule paka wako asiye na adabu. Sijambo, ila goti linanisumbua kukiwa na mvua, na mwaka huu mvua haina huruma. Binamu yako Ilo amepewa lori jipya la ushirika, analiosha kuliko anavyojiosha mwenyewe. Nimekuwekea mtungi wa jamu ya tini changa.

Baada ya hayo, jambo lenyewe. Nimeambiwa Jumanne ulikuwa hapa kijijini. Nikamwambia Ilo aache uongo, Fotini yuko chuoni Tirana, hawezi kufika Gurbardhë asifike kwangu. Akaniambia, "Shangazi, nimemwona kwa macho yangu haya." Akasema mlikuja lori zima la wanafunzi, mmetumwa na Chama kufuta dini, mkalala shuleni mkiimba, na asubuhi mkaenda makaburini kung'oa misalaba yote. Wa kwanza kung'olewa ulikuwa wa mama yako, na aliyeung'oa ni wewe.

Nilikaa pale pale chini. Mkate ulikuwa tanurini, nikausikia ukiungua na sikuweza kuinuka. Niambie Ilo amesema uongo. Nitamsamehe uongo huo na nitampikia hata kuku.

Unajua huu ni mwaka wa tano tangu mama yako Vitori afariki. Mwaka wa tano, mwezi wa Septemba, tunawatoa watu wetu ardhini, tunawaosha mifupa kwa divai na kuwaweka kanisani walipo wazee. Na mtoto ndiye anayepokea kichwa kwa mikono yake miwili, akakibusu kwenye paji la uso na kukiambia karibu. Mazishi ya mama yako hukuyawahi kwa ajili ya theluji, na ulilia mwaka mzima. Nilikuwa nikiihesabu hiyo Septemba kuwa ni yako. Utakuja kumpokea?

Mama yako mkubwa,
Olimbi


Tirana, 2 Aprili 1967

Mama Mkubwa mpendwa,

Nakusalimu kwa heshima, na goti lako nalitakia jua. Mimi mzima. Bwenini tunakula maharage mchana na jioni, mpaka tumeanza kuyapa majina. Nazif, mchumba wangu, anakusalimu. Amemaliza mitihani ya uhandisi na anasubiri kupangiwa kazi.

Ilo hakusema uongo.

Sikuja nyumbani kwa sababu ningekuona nisingeweza. Hilo ndilo la kweli, na nimeona haya kuliandika. Nilianza na msalaba wa Mama kwa sababu ningeanza na wa mtu mwingine ningekuwa mnafiki. Wenzangu walikuwa wananiangalia. Ulitoka kirahisi, Mama Mkubwa, ubao ulikuwa umeoza chini.

Sasa nisikilize, wewe uliyenilea. Nani alikuoza ukiwa na miaka kumi na minne? Nani alisema mtoto wako hana mahali ndani ya uzio wa makaburi? Ulinisimulia mwenyewe, jikoni, ukimenya vitunguu ili nisijue unalia. Papa Stavri, padri wetu, alifanya hivyo kwa jina la Mungu. Na Nazif, ambaye babu yake alikuwa akiadhini msikitini, padri gani angetufungisha ndoa? Imamu gani? Tungekaa kila mmoja upande wake wa mto hadi tuzeeke. Watu wasio na dini watabaki kuwa watu tu. Hakuna atakayemtisha mwenzake kwa moto asiouona. Naliamini hilo kwa moyo wangu wote, si kwa sababu nimeambiwa.

Septemba sitakuja kuosha mifupa. Mama hayumo kwenye mifupa. Ni chokaa tu.

Usinikasirikie.
Fotini


Gurbardhë, 23 Aprili 1967

Mwanangu,

Salamu. Mbuzi mmoja amezaa mapacha. Goti halijambo. Kuhusu Nazif, nafurahi, na sisemi hivyo kukuridhisha. Mtu anayekula maharage ya bwenini na bado akacheka atakufaa.

Barua yako niliisoma nikaifunika kwa sahani, nikaenda kukata majani ya mbuzi, nikarudi nikaisoma tena. "Chokaa tu." Ni mkono wako kweli huo? Fotini, sijui nikuite nani.

Papa Stavri usinifundishe. Mwanangu alikufa kabla ya maji ya ubatizo, na yule mwanamume mwenye ndevu alisimama mlangoni akasema sheria ni sheria. Nilimzika mwenyewe nje ya uzio, kwa koleo la mkaa. Miaka tisa sikukanyaga kanisani. Chama kilipoleta madarasa ya watu wazima, mimi ndiye niliyekaa dawati la mbele, na kalamu ninayokuandikia nilishikishwa na Chama. Hayo yote ni kweli na nayasema hadharani.

Lakini mama yako kila Jumamosi alimwashia mwanangu mshumaa ndani ya kanisa lile lile, chini ya pua ya Papa Stavri, na akamwambia, "Nitoe kama unaweza." Alilitaja jina nililompa, ambalo hakuna kitabu kilichoandika. Sasa niambie, yule padri ndiye dini, au ni Vitori? Mimi sijui. Wewe uliyesoma unajua?

Hapa kanisa ni ghala la mahindi sasa. Kengele imeshushwa. Mawe yaliyozunguka makaburi yamechukuliwa kujenga sakafu ya ghala, na ule msanobari mkubwa wa makaburini umekatwa ukawa boriti za paa. Pale palikuwa na watu wetu wote, leo ni uwanja mtupu wenye matope.

Juzi alikuja Ndugu Petraq, mwenyekiti wa ushirika, na watu wawili wa wilayani wenye viatu visivyofaa matope. Wanamtafuta Nasho Dhima, yule kijana wa msituni aliyepigwa risasi na Waitaliano wakati wa vita. Alizikwa jirani na mama yako, wa upande wa kushoto, na ukoo wake umekwisha. Wanataka kumhamishia Makaburi ya Mashujaa mjini, tarehe tano Mei, kwa bendi na bendera. Wakaniuliza kaburi lake lilikuwa wapi hasa. Nikawaambia, waulizeni waliong'oa misalaba. Nikafunga mlango.

Olimbi


Tirana, 9 Mei 1967

Mama Mkubwa,

Natumaini wale mapacha wa mbuzi wanaendelea vizuri. Mimi nimechoka lakini nina furaha, na nataka habari hii uisikie kutoka kwangu kabla Ilo hajaipamba.

Waliponiteua kuzungumza kwenye sherehe ya Nasho Dhima, kwa kuwa mimi ni binti wa Gurbardhë, sikuweza kukataa, wala sikutaka. Safari hii niligonga mlango wako. Moshi ulikuwa unatoka kwenye dohani, najua ulikuwa ndani. Nilisimama pale mpaka Ndugu Petraq akaniambia, "Twende, binti, mvua inakuja, kizee kile kina shingo ngumu kuliko nyumbu."

Petraq alionyesha mahali kwa kukumbuka tu. Walibishana kidogo, wa wilayani wakaangalia saa, wakachimba. Wakampata. Mvua ilikuwa imeanza na kila kitu kilikuwa tope. Kichwa walinipa mimi nikishike wakati wanatandika kitambaa chekundu sandukuni. Nilidhani nitaogopa, sikuogopa. Kilikuwa kidogo, chepesi, na kilikuwa na matope kwenye paji. Nikayafuta kwa kiganja. Sijui kwa nini nakuandikia hilo.

Walimkuta na kichana cha pembe, chenye ndege mdogo aliyechongwa mgongoni na meno mawili yaliyovunjika. Watu walicheka, wakasema shujaa wetu alikuwa mtanashati, hata msituni hakuacha kuchana nywele. Wamekiweka kwenye jumba la makumbusho mjini, ndani ya kabati la kioo, na kadi: "Kichana cha shujaa Nasho Dhima."

Mjini palikuwa na bendi ya tarumbeta na watoto wenye skafu. Nilisema kwamba mtu huyu alikufa bila kumngoja malaika yeyote, na kwamba taifa ambalo halimtegemei Mungu linajitegemea lenyewe. Walinipigia makofi mengi.

Niandikie, hata kama ni kunitukana.
Fotini


Tirana, 20 Julai 1967

Mama Mkubwa,

Salamu. Sina jibu lako la Mei wala la Juni. Mwanzoni nilisema ni posta. Sasa nasema ni wewe.

Tumeoana tarehe mbili, ofisini, kwa saini na karamu ndogo. Mama yake Nazif alileta vitamu vya baklava na mama wa rafiki yangu akaleta pombe ya raki, wakakaa meza moja, wakalewa pamoja na kuimba. Nilitamani ungekuwepo uone. Ilo alinipa mtungi wa tini kutoka kwako, na nilipomuuliza umesema nini akajibu, "Amesema mtungi usipotee."

Unaniadhibu kwa ajili ya msalaba?

Fotini


Gurbardhë, 28 Septemba 1967

Fotini mwanangu,

Barua hii haipiti posta. Ilo ameishona kwenye bitana ya koti lake. Isome ukiwa peke yako au na Nazif, halafu iweke motoni. Hongera ya ndoa, na nisamehe ninaitoa mahali pabaya hivi. Mbuzi wazima. Kaa chini kwanza.

Sikukuadhibu. Niliposoma habari ya kichana, nilikitambua. Mama yako alipougua ile homa tulimnyoa nywele zote. Nilipomvika nguo za mwisho, kichwa chake kikanitia uchungu, nikachomoa kichana changu mimi, cha pembe, alichonichongea marehemu mume wangu, nikamwekea kifuani. Nikamwambia huko uendako zitaota tena. Mgongoni kina ndege. Mawili ya meno yake nilivunja mimi.

Tangu Mei nimekuwa nikijidanganya. Nikasema vichana vya pembe ni vingi, na wachonga ndege ni wengi. Nikasema hivyo nikifua, nikasema hivyo nikikamua. Ningekuandikia nini?

Mwezi huu Ndugu Petraq akatangaza kwamba uwanja ule utapandwa mizabibu, na mwenye kutaka kuhamisha watu wake awapeleke makaburi mapya ya nyuma ya kilima, kila mtu na kibao chake, bila msalaba. Watu walikuwa kwenye mavuno, nikachukua jembe. Alama hakuna hata moja, nikapima kwa jicho kutoka pembe ya ukuta wa ghala. Nilipoona mifupa nilishukuru. Nikasema, Vitori, kumbe upo, mimi mjinga nilikuwa nakuzushia. Nikamfunga kwenye shuka, nikamleta nyumbani, nikamwosha kwa divai kwenye beseni, kipande kwa kipande, nikimsimulia habari zako na za Nazif.

Nilipoinua ubavu, kitu kikaanguka ndani ya beseni, kikalia. Nikadhani ni jiwe. Nikakitoa kwenye divai, nikakifuta kwa aproni. Ilikuwa risasi.

Fotini, dada yangu hakupigwa risasi.

Nilipiga kelele mpaka paka akakimbia. Kisha nikaziba mdomo kwa mikono yenye divai. Nasho Dhima yuko kwangu, ndani ya sanduku langu la harusi, ameoshwa na amewekewa majani ya mrehani kama Mkristo mwema. Na mama yako amelala mjini chini ya nyota nyekundu kwa jina la mwanamume.

Wangeniuliza mara ya pili ningewaonyesha. Hawakuuliza, na mimi nilikuwa nimefunga mlango.

Nilikuomba uje umpokee mama yako kwa mikono yako miwili, ukakataa. Na ukampokea. Matope ya kwenye paji uliyafuta wewe.

Olimbi


Tirana, 3 Oktoba 1967

Mama Mkubwa,

Ilo anasubiri ngazini, ana haraka. Sijui hata namna ya kukusalimu.

Nazif amesoma, kisha akaenda kufunga madirisha. Nilimshika Mama. Nilimshika na nikasema kilikuwa kidogo na chepesi. Kisha nikapanda jukwaani nikasema hakumngoja malaika yeyote. Mama Mkubwa, alikuwa ndani ya lile sanduku miguuni pangu nikiyasema hayo!

Nataka kwenda wilayani kesho nikawaambie. Wamtoe, wanirudishie. Nazif ananiambia, "Utawaambia nini? Kwamba mlikosea kaburi kwa sababu mliondoa majina? Kwao hilo si kosa, huo ni uadui." Yeye amepangiwa kazi kwenye bwawa la umeme na majina yanapitiwa upya mwezi huu. Nikamwambia ni mama yangu. Akasema, "Najua. Ukisema uende, nitakwenda nawe." Ndiyo maana siwezi kumkasirikia.

Nilidhani tukimwondoa padri mlangoni hakutakuwa na mtu wa kusimama pale na kutuambia sheria ni sheria. Sasa kuna mtu amesimama pale, na nusu yake ni mimi. Sijui tena ninachoamini. Siwezi kurudi kwenye mishumaa, Mama Mkubwa, ningekuwa naigiza. Lakini yule niliyekuwa mwezi wa Machi, ningemwona njiani leo ningempiga kofi.

Nifanye nini? Niambie, nami nitafanya hivyo hivyo.
Fotini


Gurbardhë, 14 Januari 1968

Mwanangu,

Salamu kwako na kwa mume wako. Theluji imefika dirishani, Ilo alikwama bondeni hadi leo, ndiyo maana jibu limechelewa. Najua sheria mpya zimetoka na kwamba sasa jambo lolote la kanisa ni jela. Nimekula, nina kuni, usiwe na wasiwasi.

Nimekuwa nikimuuliza Vitori, kwa kuwa wewe uliniuliza mimi. Naye, unavyomjua, angecheka. Maisha yake yote alimpigia magoti kila mtakatifu ukutani, na sasa wanamletea bendi. Makaburi ya mashujaa yanapaliliwa, yana maua, na kuna askari wa kuyalinda. Huku kwetu wanapanda mizabibu. Mwache alale.

Usiende wilayani. Utampoteza Nazif, utapoteza kazi, na wataleta tena koleo, wamtie kwenye gunia wakamtupe pasipojulikana. Nilishazika mmoja nje ya uzio. Wa pili sitaki.

Nasho nimemzika makaburi mapya kabla ya theluji. Ndugu Petraq mwenyewe alinisaidia kubeba sanduku, akasema, "Pole, Olimbi, Vitori alikuwa mtu mzuri," na alikuwa na machozi kweli. Kidogo nimwambie. Kibao kina jina la mama yako. Yule kijana alikufa akisema hakuna Mungu, na mimi nimempikia ngano ya matanga, ile tunayoila kumkumbuka marehemu, nikaila peke yangu nimefunga mapazia. Atanisamehe. Hakuwa na mama wala dada wa kumlilia, basi Jumamosi namlilia mimi. Sijui kama hiyo ni dini. Ni kwamba tu siwezi kumwacha hivi hivi.

Kwa hiyo fanya hivi. Mimi huku nitamlilia mtu wao kwa jina la mama yako. Wewe kule mlilie mama yako kwa jina la mtu wao. Wewe ndiye mtu pekee katika nchi hii anayeweza kusimama mchana kweupe kwenye kaburi la mama yake na shada la maua, na wasimguse. Kila tarehe tano Mei. Nenda.

Olimbi


Tirana, 6 Mei 1968

Mama Mkubwa wangu,

Salamu nyingi kutoka kwangu na Nazif. Bwawani wamempa chumba chenye dirisha. Nina mimba ya miezi minne, na nilitaka ulijue hilo kabla ya mengine. Akiwa msichana jina lake unalijua.

Jana nilikwenda. Walikuwa wameniomba nizungumze tena, kwa sababu mwaka jana niliwapendeza. Nilivaa gauni la bluu. Kwanza nilipita makumbusho, nikasimama mbele ya kabati la kioo. Mlinzi akaniambia, "Unakipenda, eh? Watoto wa shule wote wanakipenda hicho." Nikamwambia ndiyo, ndege amechongwa vizuri.

Kisha makaburini. Bendi, bendera, watoto wenye skafu, wale wa wilayani na viatu vyao. Nilikuwa na karatasi ya hotuba mkononi. Nikasema, "Ndugu, huyu aliyelala hapa." Nikaishia hapo. Nikaikunja karatasi. Niliweka kiganja juu ya jiwe, pale paji lingekuwa, na nikasema karibu. Nilisema polepole, lakini kipaza sauti kilikuwa wazi, kila mtu alisikia. Halafu nililia, Mama Mkubwa, nililia kwa sauti, kama mnavyolia nyinyi huko nyumbani, sikujua hata kama ninajua kulia hivyo. Nikakaa kwenye changarawe.

Nikangoja wanikamate.

Mkubwa wa wilayani akavua kofia. Akageuka akawaambia watu kwamba hivi ndivyo msichana wa taifa jipya anavyowapenda mashujaa wake. Wakapiga makofi, Mama Mkubwa. Nilikuwa chini pale namlilia mama yangu, nao wakapiga makofi mpaka bendi ikaanza.

Wameniomba nije tena mwakani.

Mwanao,
Fotini